Kuponi za Uzi Mwekundu: Shajara ya Miezi Minne, Makorora, Tanga

Jumamosi, 4 Januari 2025

Daftari hili nimelianza kwa hasira. Mwezi mzima wa Desemba niliandika kila shilingi niliyoipeleka dukani, kisha leo nikajumlisha. Nyumba ina watu watano: mimi, baba watoto, mama mkwe na wanangu wawili. Sukari, mafuta ya kula, sembe na sabuni ya mche, vitu vinne tu, vimekula shilingi 93,900. Samaki hawamo, nazi hazimo, mkaa haumo. Nikarudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani. Baba watoto anaendesha bajaji ya mtu, jioni anapeleka hesabu kwa mwenyewe na kinachobaki ndicho chetu. Kwa hiyo fedha ya nyumba hii huingia kila siku na kutoka kila siku. Kuna ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo. Watu husema ni wa wageni. Mimi naona ulitungiwa noti ya elfu kumi.

Fedha ikija kidogokidogo, unanunua kidogokidogo: sukari robo, mafuta ya kupima ya mia tano, sabuni kipande cha buku. Hapo ndipo ninapoliwa, ila sijui naliwa kiasi gani. Kazi ya kwanza ni kujua.

Alhamisi, 9 Januari

Nimenunua bomba la sindano la mililita 20 duka la dawa, bila sindano yake. Muuzaji kaniuliza mgonjwa ni nani. Nikamwambia mgonjwa ni mafuta.

Nimetuma mtoto dukani na kikombe na mia tano, kama siku zote. Mafuta yalipokuja nikayavuta kwa bomba, nikawa namimina kwenye kikombe kingine. Mabomba matatu yalijaa, la nne likaishia kwenye alama ya 10. Jumla mililita 70. Kwa kipimo hicho lita moja inafika shilingi 7,140 na ushee. Duka hilohilo, lita nzima ya chupa ni 6,000. Na wenye maduka ya jumla kule Ngamiani wanauza dumu la lita 20 kwa 92,000, yaani 4,600 kwa lita.

Mtu mwenye 92,000 mfukoni anakula mafuta ya 4,600. Mwenye mia tano anakula ya 7,140. Nimeyaandika haya kwa kalamu nyekundu.

Vingine navyo viko hivyohivyo. Sukari ya robo ni 800, kilo inakuwa 3,200, wakati mfuko wa kilo 50 ni 130,000, yaani 2,600. Sembe kwa kilo 1,800, kiroba cha kilo 25 ni 35,000, yaani 1,400. Mche wa sabuni ukiununua kwa vipande vinne umelipa 4,000, katoni ya miche kumi ni 28,000.

Jumapili, 12 Januari

Sikukuu ya Mapinduzi, hakuna mteja. Nimeongea na binamu yangu aliyeko Ohio, Marekani. Nilipomweleza hasira zangu akacheka, akasema huko kwao ana bahasha nzima ya kuponi. Gazeti la Jumapili linakuja na kurasa za kuponi ndani, anakata kwa mkasi, nyingine ziko kwenye simu. Kuponi inasema punguzo la senti 75 kwa dawa ya meno fulani, anampa mwenye duka, bei inapungua hapohapo.

Nikamuuliza, mwenye duka anapata nini? Akasema kuponi si ya duka, ni ya kiwanda. Duka linazikusanya, zinapelekwa mahali zinahesabiwa, kiwanda kinalirudishia duka punguzo lote na senti 8 juu yake kwa kila kuponi, kwa ajili ya usumbufu. Kuna za duka lenyewe pia, na maduka mengine yanakuruhusu kuipandisha ya duka juu ya ya kiwanda. Wanawake wengine wanapiga hesabu hadi wanatoka na toroli limejaa wamelipa dola chache. Ila akaniambia ukweli: vingi vya kuponi ni vitu vya paketi, biskuti, nafaka za asubuhi, dawa za kufulia. Mchele na maharage ni nadra.

Kingine alichonisomea kilinichekesha. Kwenye kuponi nyingi kuna maandishi madogo: thamani yake kwa fedha taslimu ni sehemu moja ya mia ya senti. Ati kuna majimbo yana sheria za zamani zinazotaka karatasi ya namna hiyo iwe na thamani ya fedha iliyotajwa, basi wakataja ndogo kuliko zote. Na mchezo wenyewe ni wa kale. Coca-Cola walikuwa wanagawa tiketi za glasi moja ya bure tangu mwishoni mwa miaka ya 1880, kinywaji kikiwa bado kigeni hata kwao.

Jumamosi, 18 Januari

Wiki nzima nimezunguka kutafuta kuponi za Tanga. Matokeo ni haya.

Duka kubwa la mjini lina kadi ya pointi, na nguo ninazoshona mwaka mzima hazinifikishi kwenye zawadi ya kwanza. Vizibo vya soda vya kushinda: vitatu, vyote vimeandikwa jaribu tena. Sabuni ya unga ya paketi tatu inayokuja na kikombe cha plastiki nikainunua, kisha nikapiga hesabu. Paketi tatu zikiwa pekee zingenigharimu 400 pungufu, na kikombe cha aina ile pale soko la Mgandini ni mia tatu. Nimenunua kikombe cha 300 kwa 400. Mwanangu wa mwisho kakipenda, basi.

Nimefikiri sana kwa nini ya Ohio hayaji hapa. Kuponi inataka kitu kiwe na paketi, paketi iwe na bei moja, na duka liwe na njia ya kumdai mwenye kiwanda. Sisi tunakula vya kupima. Sukari ya Mangi, mwenye duka wetu, haina jina la kiwanda ikishaingia kwenye karatasi, na bei yake inategemea nani kaja, saa ngapi, na anadaiwa au hadaiwi.

Kwa hiyo hakuna wa kutupa kuponi. Tutazitengeneza.

Jumatano, 22 Januari

Mazungumzo na Mangi. Kwa taarifa, Mangi wetu wala si Mchagga, ni kijana wa Kisambaa wa Bumbuli, lakini mwenye duka huku kwetu ni Mangi tu, hata angetoka Mafia.

Nimemwendea saa nane mchana, duka likiwa limelala. Nikamwambia: Tukikukusanyia fedha nyumba nane, tukakupa kabla ya mwezi kuanza, ukaenda Ngamiani kuchukua jumla, utatupa bei gani?

Hakujibu. Akainama chini ya kaunta akatoa daftari la mkopo, lile refu lenye jalada la bluu, akanifungulia. Kurasa kwa kurasa. Wengine wamehama mtaa wakiwa bado wameandikwa mle. Akasema: “Mama Zai, bei yangu unayoiona kubwa, humu ndani kuna sukari ya hawa. Wewe unayelipa unawalipia na hawa.”

Sikuwa nimeifikiria hivyo. Nilikuja na hesabu ya mafuta kwenye mililita, naye alikuwa na hesabu yake.

Tulipoachana tulikuwa tumekubaliana: sukari 2,750, mafuta 5,000 kwa lita, sembe 1,500, mche wa sabuni 3,000. Faida yake kwa kila kitu ni ndogo, lakini hakopeshi, na mtaji si wake. Kila nyumba inalipa kamili, inapewa vikaratasi. Kikaratasi kinaandikwa kitu na kipimo, hakiandikwi fedha: SUKARI NUSU KILO. MAFUTA ROBO LITA. SEMBE KILO 2. SABUNI MCHE 1. Unakwenda na kikaratasi unachukua, siku yoyote ya mwezi huo.

Hapa ndipo nilipoona kuponi yetu itakavyokuwa tofauti na ya binamu. Yake inampunguzia bei. Ya kwetu inanunua kwa bei ya mwenye dumu, halafu inachukua kwa kipimo cha mwenye kikombe.

Jumamosi, 1 Februari

Nyumba nane zimelipa: sukari kilo 42, mafuta lita 34, sembe kilo 75, sabuni miche 18. Jumla 452,000. Nimewahi kushika fedha nyingi kuliko hizo, lakini zilikuwa za harusi.

Nimekwenda na Mangi mwenyewe Ngamiani. Mfuko wa sukari 130,000, madumu mawili 184,000, viroba vitatu 105,000, katoni mbili za sabuni 56,000. Imefika 475,000, kwa hiyo 23,000 zilizopelea kaongeza yeye, na bakaa ni yake ya kuuza. Bajaji ya kubeba mzigo ilikuwa ya baba watoto, naye alidai nauli kamili kama hatujuani.

Kuponi nimezikata kwenye manila nyeupe, nimeandika kwa mkono na kutia sahihi.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka ananitazama nikikata. Akasema: “Mwanangu, mmeturudisha duka la kaya?” Akaanza kusimulia miaka ile ya mwanzoni mwa themanini, sukari kwa orodha, sabuni kwa orodha, balozi wa nyumba kumi ndiye anayejua nyumba ina watu wangapi, unapanga foleni na kapu tangu alfajiri halafu unaambiwa mzigo haujafika. Na kabla ya hapo unga wa Yanga, ule wa njano, ambao hadi leo ukimtajia anakunja uso. Nikamwambia, mama, wakati ule fedha mlikuwa nayo na kitu hakuna. Sasa kitu kimejaa, fedha ndiyo hakuna. Akasema: “Foleni ni ileile.” Nimeliacha hapo.

Jumanne, 11 Februari

Tatizo la kwanza. Mangi kaniita, kanionyesha kuponi za mafuta robo lita, tano, zote zina sahihi yangu. Mbili kati yake sahihi ilikuwa ya kijivujivu. Mtu kapeleka stationeri akatoa kopi kwenye karatasi ngumu. Mia mbili kwa kopi, mafuta ya 1,250. Biashara nzuri kweli.

Namjua aliyefanya, ni kijana wa nyumba mojawapo, wala si mwizi, ni mtoto mwenye akili asiye na kazi ya kuifanyia. Nimezungumza na mama yake uani, wawili tu, kalipa. Jina lake halitaingia humu.

Usiku nimekaa kwenye cherehani nawaza. Muhuri wa kuchonga ni gharama, na nao unakopiwa. Kisha nikatazama mguuni pangu, vipande vya kitambaa na nyuzi, nikajicheka. Nimechukua kuponi moja, nikaipitisha chini ya sindano: zigizaga upande mmoja, uzi mwekundu, mishono mirefu kidogo ili karatasi isichanike. Ukipapasa kwa kidole unausikia. Mashine ya kopi inaweza kupiga picha ya uzi, haiwezi kushona.

Kesho nazikusanya zote zilizobaki nizishone. Kila mwezi rangi itabadilika, na rangi sitaitaja hadi siku ya malipo.

Jumapili, 16 Februari

Mama Fadhili kafua kanga na kuponi zikiwa kwenye pindo, zimefungwa fundo kama fedha. Manila imekuwa uji. Kaja kwangu na kitu kama kipande cha mkate mkononi, huku analia nusu na kucheka nusu. Tukaitandaza juani. Wino umetoka wote, ila mistari mitatu ya uzi mwekundu ilikuwa pale pale, mizima. Mangi akaihesabu mistari, akatoa sukari nusu kilo mara tatu bila neno. Alijua zilizobaki za Mama Fadhili zilikuwa sukari tu.

Tangu leo naandika kwa kalamu ya wino mzito, ile ya kuandikia magunia.

Jumatano, 19 Februari

Mizani. Watu wameanza kunong'ona kwamba kilo ya kuponi ni ndogo kuliko kilo ya fedha. Neno kama hilo likiachwa siku tatu, mradi umekufa.

Mizani ya dukani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kubandikwa stika. Ya Mangi stika iko, nimeisoma. Hata hivyo nimekwenda na paketi mbili za chumvi za nusu kilo ambazo hazijafunguliwa, nikaziweka mbele ya akina mama watatu. Sindano ikasimama kwenye kilo moja, sawasawa.

Kwa hiyo nikakaa pembeni nikatazama mkono. Mangi ana haraka. Anachota kwa kopo, anaimwaga sukari kutoka juu, sahani inashuka kwa kishindo, naye anaiwahi kuinyanyua kabla haijatulia. Sidhani anaiba. Ni mkono uliozoea foleni. Lakini kila ikitulia, inapungua. Na mfuko wa khaki unapimwa humo humo pamoja na sukari. Zamani ile mifuko myepesi ya plastiki haikuwa na uzito wa kusemwa. Tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019, karatasi ndiyo tunayofungiwa, na karatasi ina uzito wake.

Makubaliano mapya: kuponi inapimwa kwenye chombo cha mwenyewe, na sindano inasubiriwa isimame. Mangi kalalamika kwamba tunamchelewesha. (Nyongeza, siku mbili baadaye: nimemwona anasubiri sindano kwa kila mtu.)

Ijumaa, 28 Februari

Hesabu ya mwezi, nyumba yangu: sukari kilo 6, mafuta lita 5, sembe kilo 15, sabuni miche 3, kiasi kilekile cha Desemba. Nimetumia 73,000 badala ya 93,900. Zimebaki 20,900. Nimenunua daftari na sare ya shati la mtoto, nyingine ziko kwenye kopo.

Mafuta peke yake yameokoa 10,700, zaidi ya nusu. Kama kuna mtu anataka kufanya hivi mtaani kwake na hana nguvu ya vitu vinne, afanye mafuta tu.

Jambo la pembeni ambalo sikulitarajia: kuponi zimeanza kutembea. Mama wa vitumbua kapokea ya sukari nusu kilo kama malipo ya vitumbua. Bodaboda mmoja kanionyesha ya mafuta robo lita, kapewa kama nauli ya kutoka Mikanjuni. Baba watoto kajaribu kuibadili ya sabuni kwa sigara, Mangi kakataa, heko kwake. Nimeshtuka kidogo. Karatasi niliyoshona mwenyewe inazunguka mtaani kama hela, na serikali ina Benki Kuu yake. Kuanzia Machi kila kuponi itaandikwa jina la nyumba, na Mangi atapokea kutoka kwa nyumba hiyo au mtoto wake tu.

Jumamosi, 8 Machi

Mwezi wa Ramadhani umeingia na sukari imepanda, kama kila mwaka. Futari bila uji mtamu si futari. Jumla ni 145,000 kwa mfuko, rejareja 3,500. Sisi tulilipa tarehe 27 Februari kwa 2,750. Nyumba sasa ni kumi na moja, wote wananisifu. Sifa zenyewe sizipendi, naogopa.

Jumatano, 12 Machi

Nilichokiogopa kimekuja. Mama Rehema kaenda na kuponi, kaambiwa sukari imekwisha, asubiri. Mwingine kaambiwa hivyohivyo. Mimi nilikuwepo Ngamiani siku mifuko inanunuliwa, na nimeandika humu kila kuponi ya sukari iliyokwisha kuchukuliwa. Bado tunamdai kilo 17.

Sikumsemea mbele za watu. Mtu amefunga, ana wateja, heshima yake ni duka lake. Nimesubiri hadi baada ya tarawehe, nikaenda na daftari nikaketi kwenye kreti la soda ndani ya kaunta.

“Mangi, kilo zetu 17 umeziuza kwa 3,500.”

Kimya. Anafuta kaunta.

“Sikulaumu sana, mteja kaja na fedha mkononi. Lakini tazama. Sisi tulikupa 2,750. Umeuza 3,500. Kila kilo imekuletea 750 juu ya ile uliyopatana nasi, mara 17 ni 12,750. Ukinunua mfuko mpya leo, kilo ni 2,900, ukitupa sisi unapoteza 150 kwa kilo, mara 17 ni 2,550. Ukitoa hiyo, bado una zaidi ya elfu kumi ambayo hukuipanga. Tupe sukari yetu, na hiyo elfu kumi kula, sitaisema.”

Akaendelea kufuta kaunta mahali ambapo hapakuwa na kitu. Kisha akasema: “Mama Zai, kalamu yako inakata kuliko mkasi wako.” (Nyongeza, kesho yake: adhuhuri mfuko mpya umefika, na kilo 17 zote zimetoka.)

Nimejiuliza kama nilifanya sawa kumwachia ile elfu kumi. Mama Rehema aliyerudi nyumbani mikono mitupu na watoto wanasubiri uji angesema sikufanya sawa. Sikumwambia.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita. Baada ya yale ya Machi nyumba mbili zimejitoa, tatu zimeingia. Na tumebadili mpango: vitu vikavu vyote, sukari, sembe na sabuni, havikai tena kwa Mangi. Mzigo unateremshwa barazani kwangu, wanawake watatu wanapima mchana mmoja kwa mizani ya kuazima ya Mangi, kila mtu anaondoka na vyake. Yeye tumemwachia faida ileile, kwa sababu ndiye anayejuana na watu wa jumla na ndiye anayebeba hasara ya mfuko ukipasuka njiani.

Leo tumepima kilo 58 za sukari. Kama kuna kazi inayomaliza mgongo ni hii. Sukari imeingia hadi kwenye cherehani yangu, na sisimizi wameniandama hadi jioni.

Mafuta nayo tuligawa yote. Nimechukua lita zangu tano kwenye dumu dogo, nikaliweka jikoni chini ya meza.

Alhamisi, 24 Aprili

Mafuta yameisha. Lita tano, siku kumi na tisa. Februari na Machi zilifika mwisho wa mwezi.

Nimekaa jikoni natafuta nani kaiba. Hakuna aliyeiba. Mimi mwenyewe, mkono ulizoea kikombe, sasa unashika dumu. Ukikaanga samaki kwa kikombe unajua kikiisha kimeisha, unageuza kwa hesabu. Ukiwa na dumu, unainamisha, linatoa gluguglu, unasema tosha wakati limeshapita. Mama mkwe kafanya mandazi mara tatu badala ya moja. Mboga ya mchicha ilikuwa inaogelea. Nimewauliza wengine, nyumba saba kati ya kumi na mbili zimeishiwa. Punguzo lote la mafuta tumelila kwa mandazi.

Sembe haikuwa hivyo, wala sukari sana, maana kijiko ni kijiko. Ni mafuta.

Basi kuponi za mafuta zinarudi. Dumu linakaa kwa Mangi, robo lita kwa robo lita, na kuanzia sasa mdomo wa kila dumu jipya naushonea kitambaa kwa sindano ya magunia, uzi wa mwezi huo, linafunguliwa wawili wakiwepo. Binamu nilimweleza, akasema huko Ohio hakuna anayeshonea mtungi wa mafuta kitambaa. Nikamwambia huko Ohio kiwanda kinawalipia senti 8.

Tuliyojaribu yakashindwa, niyaandike yasinipite: nazi, hazikubali, kila nazi na bei yake na mteja anataka kuitikisa mwenyewe. Samaki, hata kufikiria ni upuuzi, dagaa wa asubuhi na dagaa wa jioni pale Deep Sea ni vitu viwili, na punguzo lake ni kujua saa ya kwenda. Machungwa ya Muheza yakiwa msimuni hayana haja ya kuponi, yanakufuata mlangoni.

Jumamosi, 26 Aprili

Tumelipa ya Mei mapema, nyumba kumi na mbili. Hesabu za kopo: tangu Februari nimeweka 46,300, Aprili ikiwa ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu ya mafuta.

Usiku nilikuwa nashona kuponi, baba watoto amelala, taa ya cherehani tu inawaka. Mama mkwe akatoka na mkeka wake, akakaa. Akatazama muda mrefu. Kisha akasema kuna mama anamwambia vitumbua vya asubuhi vina soko pale kituoni, na yeye vitumbua anavijua tangu kabla sijazaliwa, mchele anao, nazi atakuna. Kimempungukia kitu kimoja.

“Nikushonee ngapi, mama?”

“Mbili za mafuta. Na andika jina langu mimi, usiandike la nyumba.”

Nimeziandika jina lake, nimezishona mbili. Uzi wa Mei ni wa kijani.